Sahani Haina Mfupa

Nilianza kazi maabara mwaka ule tuliokula mbaazi mpaka watoto wakazichukia. Mvua ilikata barabara, malori ya wanunuzi hayakufika, magunia yakabaki ndani yanatutazama. Asubuhi chai kwa mbaazi, mchana ugali kwa mbaazi, jioni makande ambayo mahindi unayatafuta kwa kijiko. Mkoa wa Manyara ulikuwa mbichi bado. Wageni wa ofisini walikuwa wanamiminika Babati, wanatafuta vyumba vya kupanga Bagara, na hao ndio waliokula wali na nyama. Sisi wenyeji tulinuka mbaazi. Mtu akiniuliza ni mwaka gani namjibu hivyo hivyo. Aliyekuwepo anaujua.

Siku ya kwanza nilifika hospitalini, jina lake naliacha, nimevaa kitenge changu cha kanisani na viatu vya binti yangu Paskalina, vinanibana. Mkuu wa Maabara alikuwa mzee mrefu kutoka Kanda ya Ziwa, anaongea kama mtu anayehesabu pumzi. Nitamwita Mkuu wa kwanza, maana nilihudumu chini ya watatu. Akaniangalia toka kichwani hadi kwenye vile viatu.

"Umesoma mpaka darasa la ngapi, mama?"

"La nne."

"Unaogopa damu?"

"Mzee, nimezaa watoto sita. Damu ya nani tena niogope?"

Akacheka kidogo. "Si yako. Ya kondoo."

Nikadhani ananitania. Akanipeleka nyuma ya jengo, na kweli, kondoo dume, mwili mweupe, kichwa cheusi, amefungwa kwenye nguzo ya tangi la maji. Alikuwa amewashinda wahudumu waliotangulia. Mmoja alipigwa kichwa cha goti akaacha kazi. Mimi nimekulia kwenye zizi la baba. Nilivua viatu, nikamshika taya kwa mkono mmoja na ubavu kwa mwingine, nikamkalisha kwa makalio katikati ya magoti yangu kama mtoto anayenyolewa. Akatulia. Mkuu akaingiza sindano kwenye mshipa wa shingo, damu ikaingia kwenye chupa.

"Umepata kazi," akasema.

Ninyi mnaosoma leo kazi hii kwenye vyuo mtauliza, kondoo wa nini maabara? Nitawaambia. Bakteria, yule kijidudu anayeleta usaha, huwezi kumjua mpaka umwoteshe, na hawezi kuota bila kula. Chakula chake ni unga unaotokana na mwani. Unaupika kwa maji, unaupitisha kwenye jiko la mvuke ili kila kilicho hai ndani yake kife, unaumimina kwenye sahani ndogo za kioo, unaganda kama utandu wa uji uliolala. Wengine ni walafi zaidi, hao unawachanganyia damu. Damu ya kondoo ndiyo wanayoipenda. Lakini damu ikiachwa inaganda, kwa hiyo ndani ya chupa tuliweka shanga za kioo, na mtu anaitikisa bila kusimama mpaka nyuzi za kuganda zinajifunga kwenye zile shanga. Mtu huyo nilikuwa mimi. Nilitikisa chupa miaka na miaka. Nasema bila haya, enzi zangu hakuna bakteria aliyekula Babati hii bila mkono wangu.

Nilianzia chumba cha kuosha vyombo, nikahamishiwa kwenye jiko la mvuke, kisha nikapewa jiko la chakula chenyewe pamoja na kondoo. Wataalamu ndio waliopima, mimi sikupima. Lakini macho ninayo, na mlango wa kabati la joto nilikuwa naufungua mimi kila asubuhi.

Kipimo kilichonipagawisha ni kile cha dawa. Wanachukua bakteria wa mgonjwa, wanampaka sahani nzima kama unavyopaka samli kwenye chapati. Juu yake wanapanga vipande vidogo vya karatasi vya mviringo, kila kimoja kimelowekwa dawa yake. Sahani inalala kwenye kabati la joto. Asubuhi ukifungua, bakteria ameota kama ukungu, ila kuzunguka karatasi ya dawa inayomuua kuna uwanja mtupu, mweupe, safi, kama ua lililofagiliwa. Mtaalamu anaweka rula. Uwanja mpana, dawa inaua. Uwanja mwembamba au hakuna kabisa, bakteria ni sugu, dawa hiyo iache.

Mimi nilipoona hivyo mara ya kwanza nilikaa chini. Nikasema, kumbe jibu lipo! Kumbe watu wanameza vidonge vya kubahatisha na jibu liko kwenye sahani! Nikaanza kutangaza. Sokoni, jumuiya, msibani, popote. Mkuu wa kwanza akasikia.

"Mama Paskalina, naambiwa unatuhubiri mjini."

"Nahubiri. Kazi nzuri inafichwa?"

"Hubiri polepole. Sahani ni shahidi wa upande mmoja. Upande wa mgonjwa hujausikia."

Nikaona uzee unamsumbua. Haukupita muda akahamishwa, wakamleta Mkuu wa pili, mama wa Bukoba, mnene, mcheshi, anavaa miwani kwenye kamba. Huyo ndiye tuliyekuwa naye mguu wa Fabiano ulipoingia maabara.

Fabiano ni mume wa Paskalina, fundi mwashi. Mkoa mpya ulikuwa unajengwa, kila kona tofali, na yeye hakukosa kazi. Siku moja jukwaa la mbao lilikatika kwenye jengo moja Maisaka akaanguka chini, paja likavunjika. Alipelekwa hospitali kubwa mkoa mwingine, wakamfunga mfupa kwa chuma ndani, akarudi kwa magongo. Mifupa ikaanza kushikana, lakini kidonda hakikufunga. Kikatoa usaha, kikakauka, kikatoa tena. Akalazwa pale pale nilipokuwa nafanya kazi. Daktari wa upasuaji, kijana mwembamba asiyekaa chini hata akila, akasema mbele ya Paskalina bila kuzunguka: tusipoudhibiti huu uoza, mguu tutaukata.

Fundi mwashi bila mguu. Anapanda jukwaa gani? Binti yangu alikuwa na watoto wawili na wa tatu tumboni.

Sasa lazima mjue kitu kimoja. Kwetu, mama mkwe na mkwe wa kiume hawakaribiani. Hashiki mkono wangu, haniangalii usoni, na mimi siingii anapolala. Paja lake? Heri nife. Kwa hiyo wakati wote huo nilikuwa nasimama mlangoni mwa wodi, mgongo nimewapa, namsalimia ukutani.

"Umeamkaje, baba?"

"Shikamoo, mama. Salama."

"Marahaba."

Basi. Halafu nageuka naenda maabara, na usaha wake unanifuata huko kwenye kijiti cha pamba. Mkuu wa pili alisita kuniachia nishike. Akavuta miwani.

"Mama Paskalina, huyu si mkwe wako? Kama mila inakukataza, mwambie mwenzako apokee."

"Lete hapa. Usaha hauna ukwe."

Akacheka mpaka akafuta machozi. Mimi sikucheka. Nilipika chakula siku ile kwa uangalifu kuliko uji wa mzazi.

Kilichoota mara ya kwanza kilikuwa cha kijani, kinanukia utamu kama matunda yaliyoiva sana. Sahani ya dawa ikaonyesha uwanja mpana kwenye dawa moja ya sindano. Nikakimbia, kweli nilikimbia, nikamwambia Paskalina: imepatikana, inaua! Fabiano akachomwa sindano zote. Mguu haukubadilika hata kidogo.

Nikaenda kwa Mkuu wa pili moto unaniwaka. "Mama, sahani ilisema inaua. Mbona haikuua?"

"Imeua. Imemuua yule tuliyemwotesha. Lakini kijiti kilipakwa mdomoni mwa kidonda, na mdomoni wanakaa wapita njia. Ukigonga nyumba ukamkamata aliyesimama barazani, umemkamata mwenye nyumba?"

Daktari akaingia ndani zaidi, akavuta usaha wa chini kabisa kwa sindano. Safari hii vikaota vya njano ya dhahabu, vinang'aa, na kuzunguka kila kimoja damu ya kondoo wangu imekuwa maji. Wanaila. Mkuu akasema huyu ndiye mwenye nyumba, huyu ndiye anayependa mifupa. Wakapanga karatasi. Kesho yake nilifika kabla ya wote nikafungua kabati. Karatasi moja ilikuwa imefagia karibu robo ya sahani. Na dawa yenyewe ni vidonge, si sindano tena. Niliimba. Mlinzi wa getini alifikiri kuna harusi.

Habari ikatembea. Ukoo wote wa Sigino, kwao Fabiano, ukajua kwamba kipimo kimesema dawa inaua. Baba yake akaja na kofia yake ya pama akanishukuru kwa mbali, huku anaangalia tangi la maji.

Wiki zikapita. Usaha unapungua, unarudi. Unapungua, unarudi. Paskalina akaanza kukonda yeye badala ya mgonjwa. Mimi kila asubuhi nakwenda mlangoni, nasalimia ukuta, nanusa. Mtu aliyefanya kazi maabara hahitaji kuangalia. Harufu ilikuwepo.

Siku moja nikiwa pale mlangoni daktari alikuwa anapitia wagonjwa. Nikasikia anasimama kwa Fabiano.

"Hiki kibuyu chini ya kitanda ni cha nini?"

Mama yake Fabiano akajibu, maana yeye ndiye aliyekuwa anamhudumia, mwanamke mfupi, sauti kubwa. "Cha maziwa, daktari. Kwenu hamna vibuyu?"

"Anakunywa saa ngapi?"

"Akimeza vidonge. Vinamchoma tumbo. Wewe ungemeza kavu?"

Wodi nzima ikacheka. Daktari hakucheka. "Mama, kile kilichomo kwenye maziwa kinaikamata hii dawa tumboni. Haipiti kwenda kwenye damu. Anaimeza, anaenda kuiacha chooni."

"Maziwa yangu?" Nilisikia anasimama. "Maziwa yangu yanafunga dawa? Maziwa hayo hayo ndiyo yamemkuza mpaka akapanda majukwaa! Kama dawa yako inashindwa na maziwa, ndiyo imshinde mdudu?"

"Mama Fabiano," nikasema kutoka mlangoni, mgongo vile vile, "mpe mchana, mbali na vidonge. Daktari hajamwachisha ziwa."

"Na wewe mwalimu wa kondoo, nani kakuuliza?"

Lakini alitii. Kibuyu kikahamia mchana. Na kweli, mguu ukapoa. Homa ikaondoka, akaanza kula, akaanza kuwatania wauguzi. Nikamshukuru Mungu. Nikarudi sokoni kutangaza.

Usaha ukarudi.

Hapo ndipo niliposhindwa kutulia. Nilikuwa naosha sahani moja mara mbili. Nilitikisa chupa ya damu mpaka Mkuu akaninyang'anya. Nikamwambia rudieni kipimo, mmekosea. Wakarudia. Mwenye nyumba ni yule yule wa dhahabu, dawa ni ile ile, uwanja ni mpana vile vile, umefagiliwa vizuri.

"Sasa nani anadanganya?" nikamuuliza. Nilikuwa nimesimama, yeye amekaa, kitu ambacho mhudumu hafanyi.

"Hakuna anayedanganya. Kaa."

"Sikai."

"Haya simama. Mama Paskalina, ukipika ugali sufuria ikashika ukoko, unaoshaje? Unamwaga maji juu yake basi?"

"Nani anaosha hivyo? Naloweka, kisha nakwangua."

"Kwenye sahani yetu bakteria wamelala juu juu, wachache, wachanga, dawa imekaa kwenye karatasi pembeni yao. Kwenye paja la mkweo kuna chuma, na pembeni ya chuma kuna kipande cha mfupa kilichokufa. Wamejishikiza pale kama ukoko. Dawa inasafiri na damu, na mfupa uliokufa hauna damu. Itafikaje? Inawaua wanaotoka nje kutembea, ndiyo maana anapata nafuu. Walio ndani wanasubiri." Akavua miwani. "Sahani haidanganyi. Ila sahani haina mfupa."

Daktari akasema lile lile kwa lugha yake ya kisu: afungue paja, atoe chuma, akwangue mfupa uliokufa, halafu dawa ile ile iingie mahali safi. Akichelewa, uoza utapanda nyonga, na hapo hakuna la kukwangua, ni kukata.

Fabiano akakataa.

Hakukataa peke yake. Ukoo ulikaa kikao Sigino, nyumbani kwa baba yake, na mimi nikaitwa. Nilikaa upande wa wanawake, kanga imenifunika hadi kwenye nyusi. Baba yake akasimama, kofia mkononi.

"Tuliambiwa kipimo kimeonyesha dawa inaua. Mama mkwe ni shahidi, anafanya kazi huko huko. Sasa wanataka kumchimba mtoto kama kisima. Kama dawa inaua, wanachimba nini? Kama haiui, kipimo ni cha nini? Wachague moja."

Wazee wakaitikia. Hoja ilikuwa nzuri, nami siwalaumu. Mwingine akasema daktari kijana anataka kujifunzia. Mama Fabiano akasema mwanawe akilazwa mezani hataamka.

Nikaomba kuongea. "Inaua kwenye sahani," nikasema. "Paja si sahani."

"Mbona ulipokuja kutuimbia hukusema paja si sahani?"

Nikavuta kanga ikanifunika macho. Walikubaliana wamtoe wodini kesho yake, waendelee na vidonge nyumbani, kwani jina la dawa wanalo.

Asubuhi nilitoka kwangu Maisaka kwa miguu, sikumbuki nilipita wapi. Nilivaa sare yangu ya kazi. Nilifika mlangoni mwa wodi, pale ninaposimama siku zote, na sikugeuza mgongo. Niliingia. Mama Fabiano alikuwa anakunja shuka. Fabiano aliponiona alivuta blanketi hadi kidevuni, akageukia ukutani.

"Mama! Mama, umepotea, huku ni kwa wanaume!"

"Sijapotea. Funua."

"Mama, naomba—"

"Fabiano, funua."

Mama yake akaniwekea mkono kifuani. "Umechanganyikiwa? Unataka kumlaani mtoto wangu?"

Nikamtoa taratibu, kama nilivyokuwa namtoa kondoo, nikashika blanketi mwenyewe.

Niliona. Sitawaeleza yote. Paja lilikuwa na tundu ambalo lingemeza kidole, kingo zake zimekunjamana kama mdomo wa ajuza, na ndani, chini kabisa, kitu kinang'aa. Chuma.

"Fabiano," nikasema, "ukijenga ukuta, ukakuta msingi umeoza, unapaka plasta?"

Machozi yalikuwa yanamtoka, ya aibu au ya nini sijui.

"Nakuuliza wewe fundi. Unapaka plasta?"

"Hapana, mama."

"Unafanyaje?"

"Nabomoa."

"Basi mwache daktari abomoe. Aibu nimeshaibeba mimi, wewe beba kisu."

Nikamfunika. Nikatoka. Nikakaa kwenye ngazi na sare yangu, na Mkuu wa pili akaja akakaa pembeni yangu.

Fabiano alikubali kabla baba yake hajafika. Alipofika na kofia yake, Fabiano alikuwa ameshaandika jina kwenye karatasi ya ridhaa. Daktari alimfungua, akatoa chuma, akakwangua, akatoa na kipande cha mfupa kikavu kama bua la mhindi. Kisha akampa dawa ile ile. Vidonge vile vile ambavyo sahani ilivitaja tangu mwanzo, na maziwa mchana. Kidonda kikafunga kutoka ndani kuja nje. Mguu ulibaki mfupi kidogo, anatembea kama anayeshuka ngazi moja kila hatua, lakini ni mguu wake. Alirudi kazini. Mtoto wa tatu alipozaliwa, alijenga chumba.

Wazee hawakuniacha. Nilikuwa nimefunua nguo ya mkwe, wakanidai kondoo wa kusafisha lile kosa. Mkuu wa pili akanitania: "Wape yule wa nyuma, ameshazeeka."

"Yule ni mtumishi mwenzangu," nikamjibu. "Haliwi."

Nilitoa wangu wa nyumbani. Alichinjwa Sigino, baba yake Fabiano akanipakulia nyama kwa mkono wake, na Mama Fabiano akanimiminia maziwa kutoka kwenye kibuyu kile kile. "Kunywa, mwalimu wa kondoo," akasema. "Huna vidonge leo."

Mkuu wa pili naye akahamishwa. Akaja wa tatu, kijana wa kompyuta, mpole, ananiita bibi. Damu ikaanza kuletwa kwenye chupa kutoka mbali, imeshatikiswa na mashine. Kondoo akapelekwa shambani kwa mmoja wa wahudumu, sikutaka kujua zaidi. Nikarudishwa kuosha vyombo, nilipoanzia, mpaka umri ukafika nikaagwa kwa soda na kanga mbili.

Sasa nipo nyumbani, na kutulia sijaweza. Naamka na mapambazuko natafuta kabati la kufungua. Na watu hawaniachi. Mji umekua, maduka ya dawa yapo kila kona ya Bagara, kijana akiumwa jino anameza, akijikwaa anameza, vidonge viwili leo, kimoja kesho, kilichobaki anampa jirani. Wanakuja hapa uani: bibi, wewe ulikuwa maabara, nitajie ile inayoua. Wanadhani nilitoka na siri. Nawaambia sahani nilizipika mimi, nazijua. Ni kitu kizuri sana, msimsikilize anayezidharau, maana bila sahani tungemchoma Fabiano kila kilichopo kwenye kabati. Lakini sahani haina tumbo linalochomeka, haina mama mwenye kibuyu, haina chuma wala mfupa uliokufa, na haijui kama mgonjwa ana nguvu ya kupigana au ameshalala. Inajibu swali moja tu uliloiuliza. Hayo mengine lazima mtu afunue blanketi.

Juzi nilikuwa napepeta dengu, geti likafunguka. Fabiano. Sasa ni mzee wa mafundi, ana vijana wanaomwita bosi. Alisimama kiubavu kama mila inavyotaka, macho kwenye mchongoma, Paskalina nyuma yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mbona umeegemea?"

"Kidogo tu, mama. Paja. Limevimba, linapwita kidogo."

Ungo ukaniponyoka. "Tangu lini?"

"Si sana. Mama, sina muda wa hospitali, tunamwaga zege ghorofa ya pili, vijana wananisubiri. Nitajie tu ile dawa ya wakati ule. Paskalina amesahau jina, mimi nimesahau, wewe huwezi kusahau. Nipite dukani, nimeze, niende."

Sijalisahau jina. Lilikuwa hapa, kwenye ncha ya ulimi.

"Dawa sikutajii. Kaonyeshe mguu."

"Mama, si ilionekana inaua?"

"Iliua wa wakati ule. Wa leo umemwona wapi?"

Akacheka, kile kicheko cha fundi anayetaka kupunguziwa bei. "Mama mkwe wangu bwana! Maziwa sitakunywa, naapa. Nitajie."

"Mama, mtajie tu," Paskalina akasema, na sauti yake ilikuwa ile ya miaka ile, nyembamba. "Akimeza leo, Jumatatu nampeleka mwenyewe."

Jumatatu. Nimewasikia wangapi wakisema Jumatatu. Dawa itampa nafuu, hapo ndipo ubaya ulipo. Uvimbe utashuka, atapanda jukwaa, na walio ndani watasubiri. Nilimwangalia Fabiano usoni moja kwa moja, mila au si mila, mpaka akaacha mchongoma akaniangalia. Macho yake yalikuwa na homa.

"Mama," akasema polepole, "nakuomba kama mwanao."

"Dawa sikutajii. Kaonyeshe mguu."